Kueleza miswada ya kale maktabani: hesabu majani kwanza, jina litafuata

Ndugu mleta mada, umesema uko Uingereza kwa mafunzo ya ukutubi, umekabidhiwa miswada minne ya Kilatini, yaani vitabu vilivyoandikwa kwa mkono, miwili ya ngozi na miwili ya karatasi, na unauliza iwapo kuandika jina la kitabu, mwandishi na mwaka kunatosha, kama ilivyo kwa vitabu vya chapa. Nilifanya kazi hiyo kwa miaka sita katika maktaba ya chuo kimoja huko huko, na jibu langu ni kwamba mambo hayo matatu mara nyingi ndiyo ya mwisho kujulikana, na pengine lolote kati yake lisijulikane kabisa.

Nakala za kitabu cha chapa zilizotoka katika mtambo mmoja zinafanana, lakini mswada hauna pacha. Wakutubi wa zama za kati walilijua hilo kuliko sisi. Walipoorodhesha mali ya maktaba zao walinukuu maneno yanayoanza jani la pili, kwa sababu jani la kwanza huanza sawasawa katika nakala zote za matini moja, ilhali kila mnakili hulimaliza mahali pake, kulingana na ukubwa wa ngozi na upana wa mwandiko wake. Aliyeazima nakala nzuri akarudisha hafifu aliumbuliwa na maneno hayo. Nawe yaandike katika maelezo yako, maana kuna vitabu vilivyotambuliwa hivi karibuni kuwa vya monasteri fulani kwa kulinganisha maneno hayo na orodha ya karne ya 14 au ya 15.

Kabla hujasoma chochote, hesabu majani, kisha tafuta uzi. Kitabu cha ngozi ni mikunjo kadhaa iliyoshonwa pamoja, na mkunjo wa kawaida una vipande vinne vilivyokunjwa katikati, yaani majani manane, uzi ukionekana baina ya la nne na la tano. (Neno letu “ukurasa” limetokana na “kurrasa” ya Kiarabu, ambayo maana yake ni mkunjo mzima, kwa hiyo sisi tuliuita upande mmoja wa jani kwa jina la mkunjo.) Ukikuta majani saba, huenda mojawapo limekatwa au limepotea, nawe una wajibu wa kusema ni lipi. Waliopita madrasa wataitambua pia desturi ya kuandika chini ya ukurasa neno linaloanza ukurasa unaofuata. Wanakili wa Ulaya waliifuata desturi hiyo mwishoni mwa mkunjo ili mjalidi, yaani mshonaji wa vitabu, asichanganye mikunjo, na neno lisipolingana na mwanzo wa mkunjo unaofuata, kuna kitu kimepotea au kimehamishwa.

Ngozi yenyewe nayo hutoa ushahidi. Upande wa manyoya huwa na rangi iliyokolea na vitundu vya vinyweleo, na upande wa nyama huwa mweupe zaidi. Mwaka 1885 mtaalamu wa miswada Caspar René Gregory alieleza kwamba mikunjo ilipangwa ili kurasa mbili zinazotazamana ziwe za upande mmoja, manyoya kwa manyoya, nyama kwa nyama. Niliwahi kueleza kitabu cha sala ambacho matini yake ilitiririka bila pengo lolote, sala moja ikiisha na nyingine ikianza, mpaka nilipoona manyoya yakitazamana na nyama. Nilipopapasa kwenye mshono nikakuta kikia chembamba cha ngozi, mabaki ya jani lililokuwa na picha, ambalo mtu alilikata kwa kisu kikali, bila shaka ili aliuze. Ningeanza kwa kusoma, ningeandika kwamba kitabu kimekamilika.

Kuhusu mwaka, ambao ndio ulioulizia zaidi, wengi huanza na sura ya mwandiko, na si vibaya, lakini jicho hulihitaji zoezi la miaka mingi, na mwandiko wa mzee aliyejifunza ujanani hudanganya. Mimi hupenda ushahidi unaoweza kuonyeshwa kwa kidole. Mtaalamu wa miswada N. R. Ker alionyesha mwaka 1960 kwamba wanakili walizoea kuweka mstari wa kwanza wa maandishi juu ya mstari wa kwanza uliochorwa kuongoza mwandiko, na kwamba katika miongo ya mwanzo ya karne ya 13 wakaanza kuandika chini yake. Ni mwelekeo tu, si sheria. Kalenda ya watakatifu ni bora zaidi. Thomas Becket, Askofu Mkuu wa Canterbury, aliuawa tarehe 29 Desemba 1170 na kutangazwa mtakatifu mwaka 1173, hivyo kalenda yenye jina lake kwa mwandiko wa mnakili wa awali haiwezi kutangulia mwaka huo. Na kwa kuwa Mfalme Henry VIII aliamuru mwaka 1538 jina hilo lifutwe vitabuni, ukilikuta limekwanguliwa una dalili nzuri kwamba kitabu kilikuwa Uingereza wakati ule. Kwa hiyo mkwanguo nao uandikwe, usionekane kuwa ni uchafu.

Kwa ile miwili ya karatasi, inua jani kwenye mwanga utafute alama ya mtengenezaji: kichwa cha fahali, mizani, mkono. Charles-Moïse Briquet, mtafiti wa karatasi za kale, alichapisha mwaka 1907 alama 16,112 za aina hiyo, na karatasi kwa kawaida ilitumika ndani ya miaka michache baada ya kutengenezwa. Ukikuta alama katikati ya jani, karatasi ilikunjwa mara moja. Ukiikuta imezama kwenye mshono, ilikunjwa mara mbili.

Nilijifunza umuhimu wa alama hizo kwa aibu. Mswada mmoja uliishia na maneno ya mnakili kwamba alimaliza kazi mwaka 1408, nami nikaandika 1408 bila kusita. Maelezo hayo yalikaa kwenye katalogi miezi minane, hadi mkutubi mmoja mwandamizi alipoinua jani mbele ya dirisha akanionyesha alama inayofanana na zile za miaka ya 1450. Mnakili wetu alikuwa amenakili kila kitu alichokikuta, pamoja na tamati ya mwenzake aliyemtangulia.

Kwa hiyo tenganisha daima umri wa matini na umri wa kitabu ulichoshika. Mfano ulio karibu nasi ni tarikh ya Kilwa ya Kiarabu iliyoko Maktaba ya Uingereza: matini yake ni ya karne ya 16, lakini mswada wenyewe ni nakala iliyoandikwa Zanzibar mwaka 1877. Anayeuita mswada wa karne ya 16 amekosea kwa zaidi ya miaka mia tatu, na anayeipuuza matini kwa sababu karatasi ni mpya amekosea vilevile.

Kama barua au daftari za karne ya 17 zimo katika fungu lako, jihadhari na kalenda ya Waingereza, kwa kuwa hadi 1752 mwaka wao wa kisheria ulianza tarehe 25 Machi. Mfalme Charles I alikatwa kichwa tarehe 30 Januari, na hati za wakati ule husema 1648, ingawa kwetu ni 1649. Andika 1648/9. Kwa miswada ya Kiarabu andika mwaka wa Hijria kama ulivyo, kisha miaka yote miwili inayoangukia: 1141 H ni 1728/1729.

Glavu za pamba ziache, mikono safi iliyokauka inatosha na huhisi jani vizuri zaidi. Katika maelezo yako andika ulichokiona kwa namba ya jani na upande wake, halafu, katika sentensi nyingine, unachokisia na sababu yake, ili atakayekuja baada yako aweze kuukataa ukisiaji bila kulazimika kuhesabu upya. Hesabu ya mikunjo ikikushinda, weka hapa idadi ya majani na mahali uzi unapoonekana, tutaifanya pamoja.