Barua kwa mwanangu aliyeambiwa Zohali amemkalia

Mwanangu mpenzi,

Ulizaliwa saa kumi na moja alfajiri, hapa Tanga. Huyo jyotishi, yaani mnajimu, wa Pune huko India mwambie ni saa 5 alfajiri kwa hesabu yao. Ukimtajia kumi na moja atakuchorea nyota za mtu mwingine. Saa hiyo nimekupa kwa kuwa umeiomba. Ila swali lako hasa ni hili: uikatae kazi mpya, na ununue pete ya yakuti samawati, kwa sababu umo ndani ya sade sati, ile miaka ya mikosi wanayosema huletwa na Zohali?

Kazi ichukue. Pete iache.

Jambo hilo silisikii kwako kwanza. Majirani zetu Wagujarati huliita panoti, na nimewaona wakilipitia. Sayari ya Zohali, ambayo wao huiita Shani, huzunguka jua kwa miaka 29 na nusu hivi, basi kila buruji, yaani kila moja ya nyota 12 za unajimu, huikalia karibu miaka miwili na nusu. Huanza kukugusa akiwa buruji moja kabla ya ile uliyokuwamo mwezi siku uliyozaliwa, huipita hiyo yenyewe, kisha inayofuata: jumla miaka 7 na nusu. Mwezi wako wanasema uko Hutu, yaani Samaki, na kwa hesabu ya Kihindi Shani aliingia humo Machi 2025. Ndiyo maana umeambiwa uko katikati, penye uzito kuliko pote.

Sasa hesabu nami. Buruji ni 12, na hizo ni 3. Wakati wowote robo ya watu wamo ndani ya sade sati. India ina watu zaidi ya bilioni 1.4, kwa hiyo zaidi ya milioni 300 wamo humo leo, na wanaoa, wanajenga, wanapandishwa vyeo. Mkataba wako ulikatishwa, uchumba ukavunjika; yameniuma nawe. Lakini sikubali kwamba sayari ndiyo iliyoyaamua.

Hata kwa imani yao wenyewe, Shani si adui. Ni mwana wa Surya, jua, na ni hakimu anayempa mtu malipo ya matendo yake. Hadithi yao inasema Hanuman, mungu wao mwenye sura ya nyani, alimtoa kwenye kifungo cha Ravana, mfalme wa mashetani, naye Shani akaahidi kutowasumbua wanaomcha Hanuman. Jumamosi utawaona wakimmiminia Shani mafuta ya haradali, wakitoa ufuta mweusi na kuwalisha maskini. Hayo ni ya bei ndogo. Yakuti, wanayoiita neelam, ni ya bei kubwa, na wajuzi wao wenyewe huiogopa: humwambia mtu aijaribu siku chache kwanza, wakiamini inaweza kumgeukia. Anayekutisha kisha akakuuzia kinga papo hapo, mwanangu, mkimbie.

Wazee wetu wa falaki nao walimhesabu Zohali kuwa nyota ya nuhusi, usidhani ni mambo ya Wahindi peke yao. Sisi Waislamu hatuichukui hukumu ya maisha yetu kwa nyota, na hapo sitakuficha: usirudi kwa huyo jyotishi. Lakini mama mwenye nyumba aliyekupeleka usimkasirikie wala usimcheke. Amekupeleka kwa huruma, kama ambavyo angempeleka bintiye. Akienda kulisha maskini Jumamosi, changia mchele. Sadaka ni sadaka.

Linalonitia hofu mimi ni usingizi. Umesema huu ni mwezi wa pili unaamka saa nane za usiku na moyo unakwenda mbio. Hilo si la Shani, ni la daktari. Fedha uliyotenga kwa pete ilipie hospitali wiki hii, uniambie wamesema nini.

Mkataba wa kazi mpya nitumie kabla ya kutia saini. Mjomba wako ataupitia, hasa kifungu cha kuachishwa kazi, yasije yakajirudia yale ya mwanzo.

Mamako