Trauti mwezi wa 11, Mto Missouri: nenda, ila angalia unapokanyaga

Ndugu, umeuliza kama inafaa kwenda kuvua trauti kwa inzi bandia Mto Missouri, pale Craig, Montana, mwezi huu wa 11, au usubiri mpaka baridi iishe. Nenda. Mimi naishi huku, na huu ndio msimu ninaoupenda kuliko yote. Watu wamepungua na samaki bado wanakula.

Usijisumbue kuamka alfajiri. Mwili wa samaki hufuata joto la maji, na maji yakifika nyuzi 5 za Selsiasi hana haraka na chochote. Mimi huingia mtoni saa tano asubuhi na kutoka saa kumi. Faida ya Craig ni kwamba maji yanatoka Bwawa la Holter, hivyo hayapoi ghafla kama ya mito isiyo na bwawa.

Omba mawingu. Siku ya mawingu mazito, kuanzia kama saa saba mchana, utaona vidudu vya kijivu vikielea na mabawa yamesimama kama tanga, na trauti wakividonoa kimoja kimoja kwenye maji ya taratibu. Funga inzi bandia mdogo anayefanana navyo, namba 18 au 20 (namba ikipanda, ndoano ni ndogo zaidi). Visipotokea, zamisha chambo chenye umbo la buu karibu na chini, na chubwi ndogo na boya, kisha uache mkondo ukibebe wenyewe. Kikiburutwa kidogo tu, samaki anakikataa. Boya likisita, inua ufito papo hapo, maana kwenye baridi trauti hamezi kwa pupa.

Sasa jambo ninalokusihi. Trauti wa kahawia hutaga majira haya. Jike hulala ubavu, akapiga mkia mpaka changarawe ifukuke, akataga humo. Utapatambua: kiraka cheupe, kisafi, katikati ya mawe yenye ukoga. Mayai hukaa hapo chini baridi nzima, na hatua moja ya kiatu inaweza kuyaponda. Na hao waliosimama juu ya kiota usiwatupie chambo kabisa. Wanang'ata kwa kukilinda, nguvu zao zote ziko kwenye kutaga. Nawaona watu wakipiga nao picha na inaniuma, kwa sababu hao ndio samaki wa miaka ijayo.

Wapishe. Shuka chini kidogo kwenye kina. Huko trauti wa upinde wa mvua, ambao hutaga majira ya machipuko, hungoja mayai yaliyosombwa na maji. Hao vua bila wasiwasi.

Hewa ikiwa chini ya sifuri, mtoe ndoano akiwa bado majini, mikono yako imelowa, kwa sababu matamvua huganda upesi nje. Pete za ufito nazo hushika barafu. Zichovye mtoni, usizigonge. Beba fimbo ya kujiegemeza, acha nguo kavu garini, na usiende peke yako.

Kuhusu mashamba ya watu, sheria ya Montana ya 1985 inakuruhusu kuvua na kutembea ndani ya alama ya maji ya juu ya kawaida, yaani mstari ambao maji huuacha ukingoni yakijaa kwa kawaida, si wakati wa mafuriko, mradi uingie mtoni kwa njia ya umma, kwa mfano kwenye daraja. Leseni kata mapema, na usome kanuni za mwaka huu za kipande chako cha mto, maana mito mingine hufungwa tarehe 30 Novemba.