Mtoto wa moyo na vipimo vya sepsisi: jibu kwa dada aliyeuliza kwa nini CRP inarudiwa kila siku

Dada, pole sana kwa kuuguza. Umeuliza mambo matatu: kwa nini CRP, ile protini ya damu inayopanda mwili unapopambana na maambukizi au jeraha, inarudiwa kila siku, kama kuna kipimo kimoja cha damu cha kuonyesha mapema kwamba kichanga mwenye kasoro ya moyo ameingiwa na sepsisi, yaani maambukizi makali yaliyoenea mwilini, na kama hiyo damu anayotolewa kila mara haimdhoofishi. Mimi ni muuguzi wa wodi ya vichanga mahututi, na watoto wa moyo ndio ninaoshinda nao. Kipimo kimoja cha namna hiyo hakipo. Vilivyopo vinasaidia, ila visomwe kwa kufuatana, na anayevisoma awe anaujua moyo wa mtoto huyo.

CRP hutengenezwa na ini, kwa hiyo huchelewa. Huanza kupanda kama saa 6 hadi 12 baada ya maambukizi kuanza, na kilele chake ni kati ya saa 24 na 48. Wengi huhesabu kuwa imepanda ikizidi 10 mg/L. Sasa mtoto ameanza kukataa kunyonya asubuhi hii, CRP ikatoka 4: hiyo 4 haijasema lolote bado. Ndiyo maana wanarudia kesho yake. Ikibaki chini na kipimo cha kuotesha bakteria hakijatoa kitu, hapo daktari huanza kufikiria kusimamisha antibiotiki.

Prokalsitonini, kipimo kingine cha damu cha maambukizi, huwahi zaidi, saa 2 hadi 4 tu, lakini kwa kichanga yeyote, hata mzima kabisa, hupanda yenyewe siku 2 za mwanzo. Jibu lake lazima lilinganishwe na umri wa mtoto kwa saa. Interleukini-6, kemikali ambayo chembe za kinga hutumia kupeana taarifa, huwahi kuliko hizo zote na kushuka upesi, ukichelewa kuchukua damu huikuti.

Kwa watoto wa moyo kuna shida ya ziada, nayo ni kwamba moyo wenyewe unaweza kuigiza sepsisi. Kuna kasoro, kama aota iliyobanwa au upande wa kushoto wa moyo usiokua, ambazo damu ya mwili hutegemea ule mshipa wa muda unaounganisha ateri ya mapafu na aota. Mshipa huo ukianza kujifunga, mtoto anapauka, miguu inapoa, anahema mbiombio, mkojo unapungua, laktati (asidi inayojaa kwenye damu mwili ukikosa oksijeni ya kutosha) inapanda. Ukimtazama hivyo utaapa ni maambukizi. Laktati haitakutenganishia, kwa sababu inapanda kwa yote mawili. Kinachosaidia ni mkono wa mtu: kupapasa mapigo kwenye kinena, kupima presha mkononi na mguuni, kuweka kipima oksijeni mkono wa kulia kisha mguuni. Na mtoto akiwa katika hali hiyo, antibiotiki huanzishwa bila kungoja maabara, huku moyo ukichunguzwa.

Halafu dawa. Prostaglandini, inayopewa kwa dripu kuuacha mshipa ule wazi, yenyewe huleta homa na kumfanya mtoto asite kupumua. Niliwahi kumhudumia mmoja aliyepanda joto usiku uleule dripu ilipoanza. Kila baada ya muda kifua kinatulia, namsugua unyayo, anavuta pumzi tena. Tulichukua damu ya kuotesha, tukaanza antibiotiki, tukapima CRP usiku huo na tena kesho yake. Zote chini, hakuna bakteria aliyeota, na daktari alipopunguza kiwango cha dripu homa ikaondoka.

Akishafanyiwa upasuaji kwa mashine ya moyo na mapafu, CRP itapanda hata kama hana mdudu hata mmoja, na kilele chake huwa siku ya 2 au ya 3. Prokalsitonini nayo hupanda, ila mara nyingi huanza kushuka baada ya siku moja hivi. Chembe nyeupe za damu zinaweza kuongezeka kwa sababu ya steroidi, dawa za kutuliza uvimbe. Namba kubwa siku ya kwanza isikutoe roho. Ninachokitazama kwa wasiwasi ni namba iliyokwisha kushuka ikageuka kupanda tena, hasa kama bado ana katheta, ule mrija mwembamba, kwenye mshipa mkubwa.

Waulize pia kama mwanao amechunguzwa tezi ya thaimasi, iliyo kifuani na inayokomaza chembe za kinga, na wengu. Wenye upungufu kwenye kromosomu ya 22, eneo la q11, huwa na kasoro za moyo pamoja na thaimasi ndogo au isiyokuwepo. Wengine ambao viungo vimekaa pande zisizo zake huzaliwa bila wengu. Hawa kinga yao ni dhaifu tangu mwanzo, na kwao mimi singetulia kwa sababu tu CRP ni ndogo.

Kuhusu damu, hofu yako ina msingi. Kichanga ana takriban mililita 80 hadi 90 kwa kila kilo, kwa hiyo wa kilo 3 hafiki hata mililita 300 mwili mzima. Ya kuotesha wasiipunguze: mililita 1 angalau, kwa sababu ikiwa kidogo bakteria wanaweza wasionekane. Kwa vingine una haki ya kuuliza, asubuhi wakipita, kama vinaweza kuchukuliwa kwa mchomo mmoja, na kama kiasi kinachotolewa kinaandikwa kwenye faili. Katika wodi yetu tunakiandika, na mzazi akitaka kukiona tunamwonyesha.