Kabla hujabadilisha mtutu wa Remington 700

Mkuu, hiyo bunduki yako ya Remington 700 inayopiga risasi za saizi ya .30-06 kutawanya risasi inchi 3 kwa yadi 100 haimaanishi mtutu umekufa, usikimbilie kununua mpya. Kaza kwanza skrubu za kitako na za darubini, safisha mtutu mpaka mabaki ya shaba yaishe kabisa, halafu jaribu risasi za aina mbili tatu maana kila mtutu una zile unazozipenda. Chukua noti ya dola uipitishe kati ya mtutu na mbao ya kitako iliyo chini yake, ikikwama mahali ujue mbao inausukuma mtutu na ukipata moto tu risasi zinahama.

Ikigoma bado ndo uende kwa fundi bunduki, ila asije akakufungia mtutu mpya juu ya resiva (kile chuma mtutu unapofungwa) ileile ilivyotoka kiwandani, hapo umetupa hela. Aiweke kwenye mashine ya kukereza anyooshe uso wa resiva na nyuzi zake, na yale masikio mawili ya mbele ya bolti (kile chuma unachovuta kupakia risasi) yanayoifunga yaguse yote sawa, mara nyingi unakuta moja ndo linabeba mzigo wote. Chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, ndo usicheze nayo kabisa, mwambie apime na geji (vyuma vya kupimia urefu wa chemba) mbele yako: bolti ifunge kwenye geji ya kipimo cha chini na ikatae kwenye ya kipimo cha juu, maana uso wako ndo unakaa hapo nyuma. Mwisho amwage epoksi (gundi inayokauka ikawa ngumu) chini ya resiva itulie kwenye kitako, mtutu wenyewe usiguse mbao popote.