Maswali ya Malezi: Fimbo, Gololi na Dada wa Kazi

Nimesoma barua zenu zote. Karibu nusu zinauliza jambo moja: nimchape au nisimchape? Nimechagua moja kwa niaba ya zote, na nitaijibu kwa urefu. Wenye swali hilo wasome hapo, wasiniandikie tena mwezi ujao.

Swali: Mwanangu ana miaka mitano. Juzi alikuwa akimkimbiza paka sebuleni, akajikwaa, televisheni ikaanguka na kupasuka. Baba yake alimchapa sana. Wiki iliyotangulia alimpiga mdogo wake kwa mwiko makusudi, mtoto akavimba, lakini alikemewa tu. Mume wangu anasema bila fimbo mtoto hafunzwi, na kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. – Mama, Tabata

Jibu: Mama, kosa umeshaliona mwenyewe, ndiyo maana umeyaweka matukio hayo mawili pamoja. Mumeo alipima kosa kwa bei ya kitu. Televisheni ni ghali, fimbo nyingi. Mwiko na uvimbe havina risiti, kemeo moja.

Kupima hivyo ni akili ya mtoto mdogo. Mwaka 1932 mwanasaikolojia Jean Piaget wa Uswisi alichapisha kitabu kuhusu namna watoto wanavyohukumu jema na baya. Aliwapa visa viwili. Mtoto mmoja anaitwa kula, anafungua mlango, kumbe nyuma yake kuna sinia lenye vikombe 15, vyote vinavunjika. Mwingine, mama akiwa ametoka, anapanda kiti kuchukua jamu kabatini bila ruhusa, anavunja kikombe kimoja. Nani amekosa zaidi? Wadogo wengi walimtaja wa vikombe 15. Wakubwa kidogo waliuliza kila mmoja alikuwa na nia gani. Safari ya kutoka kwenye hesabu ya vikombe hadi kwenye nia ndiyo kukua kwenyewe, na mzazi ndiye wa kumshika mtoto mkono katika safari hiyo. Baba anayechapa kwa bei ya televisheni anamrudisha mwanawe nyuma.

Sasa hiyo methali. Mchelea mwana kulia hulia yeye: mbona watu wanaisoma kana kwamba kuna fimbo ndani yake? Haimo. Inamzungumzia mzazi anayeogopa machozi hata anashindwa kusema hapana. Mtoto anataka soda ya tatu, unamnyima, analia, unamwacha alie, hubadilishi neno. Hapo hujamchelea, na hujamgusa. Mzazi wa namna hiyo ana msimamo kuliko yule anayetoa soda saa nne na kuchapa saa tano.

Kwa kosa la mwiko, fanya hivi. Mshike mkono, mpeleke kwa mdogo wake, mwonyeshe pale palipovimba. Mwambie: hapa panauma, na umeumiza wewe. Kisha alete maji baridi na kitambaa, amkande mwenzake wewe ukiwa pembeni. Yachukua dakika kumi na yachosha. Fimbo yachukua nusu dakika, na ndiyo sababu tunaipenda. Lakini mtoto aliyechapwa anawaza maumivu yake. Aliyemkanda mwenzake anawaza maumivu ya mwenzake, na huko ndiko tunakotaka akili yake iende.

Wengine mnaniambia, "Sisi tulichapwa na tukawa watu." Mlikuwa watu kwa sababu ya bibi aliyewasikiliza, mjomba aliyewaamini, jirani aliyewalisha. Fimbo imejitwalia sifa za watu hao. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulikuta karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kufika miaka 18. Kama kipigo kingekuwa kinaleta adabu, nchi hii isingekuwa na mwizi hata mmoja. Kenya iliondoa viboko shuleni mwaka 2001. Sisi bado kanuni zinaviruhusu, visizidi vinne, vichapwe na mwalimu mkuu au aliyemwidhinisha kwa maandishi. Mzazi mwenye mtoto shuleni akague kama hata hilo dogo linafuatwa.

Nilikuwa mwalimu, na nilichapa. Mtoto wa darasa la pili alichelewa, nikampiga viwili vya mkononi. Hakusema neno. Mchana jirani yao akaniambia mama wa mtoto yule amelazwa, na asubuhi ile ndiye aliyemchotea bibi yake maji na kumvalisha mdogo wake kabla ya kuja shule. Nilikuwa nimemwadhibu mtoto kwa wema wake. Nilimwomba radhi mbele ya darasa, na tangu siku hiyo nikawa nauliza kwanza.

Swali: Binti yangu wa miaka miwili hataki kumpa mtu mdoli wake, na akikaa na wenzake kila mmoja anacheza kivyake. Ni mchoyo? – Mama, Morogoro

Jibu: Hapana. Ana miaka miwili.

Swali: Mwanangu wa mwaka mmoja na miezi miwili akilia anamkimbilia dada wa kazi, mimi ananisukuma. Inaniuma. Nafikiria kumwondoa nilete mwingine. – Mama, Mwanza

Jibu: Usimwondoe, nakusihi. Ukimwondoa hutarudishiwa mtoto. Utakuwa umemnyang'anya mtu anayemtegemea, kisha utamletea mgeni.

Mwaka 1954 na 1955 mtafiti Mary Ainsworth alikuwa Uganda, akizitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala. Mengi ambayo dunia imejifunza kuhusu namna mtoto mchanga anavyoshikamana na walezi wake yalianzia kwenye nyumba zile. Aliona mtoto anaweza kushikamana na zaidi ya mtu mmoja. Sisi tulilijua hilo zamani, tukisema mkono mmoja haulei mwana. Lakini kuna jambo jingine aliloliona ambalo nataka ulichukue leo: watoto waliokuwa na utulivu walikuwa hasa wa wale mama walioweza kumweleza mtoto wao kwa undani, anachopenda, anachoogopa, alichoanza kufanya juzi.

Jiulize basi. Mwanao hulala akishika nini? Analia vipi akiwa na njaa, na vipi akiwa na usingizi? Kama majibu anayo dada peke yake, muulize, mwambie akufundishe. Ukirudi kazini, saa ya kwanza iwe ya mtoto, na simu ibaki kwenye mkoba. Muogeshe wewe. Mlaze wewe. Atarudi kwako bila kumwacha dada.

Na kwa kuwa umemtaja dada, nina la kuwaambia wote. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na bado nakutana na wasichana wa miaka 12 wakiwa na watoto wa watu mgongoni. Huyo ni mtoto anayelea mtoto. Tena, mwanao akikusikia ukimwita dada "mjinga" mbele ya sahani, akiona anakula jikoni peke yake makombo ya wenzake, tayari ameshajifunza kwamba kuna watu na kuna nusu watu. Hutamfutia somo hilo kwa mahubiri ya Jumapili wala kwa madrasa.

Swali: Nimepata nafasi ya bweni nzuri kwa mwanangu wa darasa la pili. Ushauri? – Baba, Dodoma

Jibu: Hili nimeshalijibu mara tatu. Mwaka 2023 Wizara ya Elimu ilikataza bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Shule inayokupa nafasi hiyo inavunja agizo, au inafanya kwa kibali ambacho unapaswa kukiona kwa macho yako. Mtoto wa miaka saba bado anaamka usiku akimwita mama. Mlee nyumbani.

Swali: Sina mtoto wa kike. Nimewafundisha wanangu wawili wa kiume, miaka 9 na 12, kuosha vyombo, kupika ugali na kumbeba mdogo wao. Ndugu wa mume wangu wanasema nawaharibu. – Mama, Musoma

Jibu: Unawatengeneza. Na ushahidi hauko mbali na kwako: vuka mpaka, uko Oyugis, magharibi mwa Kenya. Mtafiti Carol Ember alikaa na jamii ya Waluo huko, na mwaka 1973 akachapisha alichokiona. Kulikuwa na nyumba ambazo, kwa kukosa msichana mkubwa, wavulana walipewa kazi zilizohesabiwa kuwa za kike, hasa za ndani ya nyumba na kulea mtoto. Wavulana hao walikuwa na ubinafsi mdogo na moyo wa kusaidia kuliko wavulana wengine.

Si ajabu. Ukimbeba mtoto wa miezi minane huwezi kujifikiria mwenyewe. Akilia lazima ukisie: ana njaa? amelowa? anataka mama? Ni darasa la huruma, na tumewafukuza wavulana humo kisha tunashangaa wakioa wakiwa hawawezi kusoma uso wa mtu. Waambie hao ndugu waje siku ya ugali, wale, wanyamaze. Na mume wako aonekane jikoni mara mojamoja, maana watoto wanafuata mwili wa baba kuliko maneno yake.

Swali: Mwanangu wa darasa la sita akitoka shule ni chandimu na gololi mpaka magharibi. Nimemwandikisha tuisheni kila jioni na Jumamosi. Amekuwa mkimya, na siku nyingine anatoroka kwenda kwa wenzake. Nimtenganishe vipi na makundi? – Baba, Mbagala

Jibu: Baba, gololi unazozidharau ziliandikiwa kitabu. Piaget yule yule wa vikombe aliketi na watoto wa Geneva na Neuchâtel wakicheza gololi, akawauliza sheria za mchezo zimetoka wapi. Wadogo walisema zimetoka kwa wakubwa na haziwezi kubadilishwa. Wakubwa, wa umri kama wa mwanao, walisema: tukikubaliana sote, tunabadilisha.

Nenda uwanjani kwenu ukawatazame kabla chandimu haijaanza. Wanajadili goli liwe hatua ngapi. Nani akae golini. Mpira ukiingia mtaroni nani anaufuata. Mwenye mpira akinuna anaondoka nao, halafu kesho anarudi, amegundua kwamba mpira bila wenzake ni kitu cha kuwekwa chini ya kitanda. Hakuna refa wala mwalimu. Haki, zamu, kushindwa bila kulia, kusamehe: mambo hayo hayafundishwi na mtu mzima, kwa sababu mtu mzima akifika tu ubishi unakwisha na watoto wanamsikiliza yeye. Umemnunulia hesabu kwa kuuza hayo yote. Mpunguzie tuisheni ibaki siku mbili.

Nakubali, mcheza na tope humrukia. Lakini dawa si kumfungia. Wajue wenzake kwa majina na kwa mama zao. Waite ndani wale viazi. Nyumba yako ikiwa ndiyo wanayoikimbilia, utasikia mengi bila kuuliza. Angalizo moja ambalo hukuliuliza: ukiona kijana wa miaka 19 au 20 anajiweka kila siku na watoto wa miaka 11, akiwanunulia chipsi na kuwapa simu yake wacheze, usiite huo urafiki. Fuatilia siku hiyo hiyo.

Swali: Mjukuu wangu wa miaka minne anajificha wageni wakija, hataki kuamkia. Tumlazimishe? – Bibi, Tanga

Jibu: Shikamoo bibi. Msalimieni mgeni ninyi kwanza mkiwa mmemshika mtoto mkono, naye atafuata akizoea. Shikamoo ya mdomo mfundisheni kwa upole. Kumlazimisha akumbatiwe au akae mapajani kwa mgeni, hapana, hata mgeni awe mjomba. Mtoto aliyefundishwa kwamba mwili wake hauna kauli hatapata sauti siku atakapoihitaji.

Swali: Mtoto wa mwaka mmoja na nusu aangalie katuni za simu saa ngapi kwa siku? – Mzazi, Arusha

Jibu: Sifuri. Shirika la Afya Duniani lilisema hivyo mwaka 2019.

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko darasa la sita. Rafiki yangu amechukua mkebe wa mwenzetu, na mwenzetu analia. Nikisema nitaitwa mmbea. Nifanyeje? – Mwanafunzi, Iringa

Jibu: Marahaba mwanangu. Barua yako niliisoma mara mbili.

Mmbea anasema ili mwenzake aaibike. Wewe unataka anayelia apate mkebe wake, na hayo ni mambo mawili tofauti. Anza na rafiki yako, mkiwa wawili tu, njiani kurudi nyumbani. Mwambie umeona. Usimwite mwizi. Mpe siku moja arudishe, na umwambie utakwenda naye, maana kurudisha peke yake kunatisha. Akikataa, mwambie mwalimu unayemwamini, na umwambie rafiki yako kwanza kwamba utasema.

Lakini kama siku moja aliyekosa ni mtu mkubwa, akakugusa au akakuumiza wewe au mwenzako, akasema iwe siri yenu, hapo usimpe hata saa moja. Mwambie mama, au baba, au bibi, au mwalimu. Asiyekuamini mwache, nenda kwa mwingine. Namba ya simu kwa watoto ni 116, ni bure.

Niandikie tena unieleze kama mkebe umerudi.