Kuta za kanisa letu la kale zinabanduka: tuchangishe kiasi gani?

Swali: Tumsifu Yesu Kristo. Kanisa letu hapa pwani ya Tanga lilijengwa na wamisionari zaidi ya miaka 100 iliyopita, kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Miaka michache nyuma tulilipiga lipu ya saruji. Sasa inabanduka na ukuta unatoa unga wa chumvi. Tunaandaa harambee. Tutaje kiasi gani, na tumwendee nani? – Katibu wa kamati ya ukarabati

Jibu: Milele amina, ndugu Katibu. Naomba msitaje kiasi chochote bado. Harambee ya kwanza iwe ndogo, ya kumlipa msanifu aliyezoea majengo ya chokaa, apime jengo na kuandika makadirio kwa awamu. Hiyo jumuiya ndogo ndogo zinaiweza. Bila makadirio hayo mtakusanya mamilioni na kuyamalizia kwenye saruji nyingine, na saruji ndiyo iliyowafikisha hapo. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu na kuutoa kupitia chokaa. Saruji huufungia ndani. Chumvi hujikusanya nyuma yake, husukuma lipu na kulila jiwe.

Awamu ya kwanza karibu kila mara ni paa na mifereji ya mvua, hata kama waumini wanatamani ukuta mweupe kabla ya Pasaka. Kisha saruji ibanduliwe kwa mkono, ukuta uachwe ukauke kwa miezi, ndipo ipigwe lipu ya chokaa. Miezi hiyo iingizwe kwenye ratiba mtakayompa mfadhili.

Idhini ya Askofu ipatikane kwa maandishi kabla ya bahasha ya kwanza. Kanuni ya 1267 ya Sheria ya Kanisa inataka sadaka iliyotolewa kwa lengo fulani itumike kwa lengo hilo tu. Kwa hiyo fungueni akaunti ya peke yake, na kwenye bahasha andikeni “ukarabati wa jengo la kanisa”, si “mifereji”, ili kitakachobaki kiingie awamu inayofuata kihalali.

Wafadhili wa nje wengi hawagharimii ibada, hugharimia historia. Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini, Unguja, liliunganisha ukarabati na kituo cha historia ya utumwa, na Umoja wa Ulaya na World Monuments Fund, shirika la kuhifadhi majengo ya kale, wakachangia. Ili mpate historia yenu ya kuwaonyesha, fungueni vitabu vyenu vya ubatizo vya zamani: humo mna majina, makabila na miaka ya watu waliokuja kuishi hapo. Na leo hii pigeni picha ya kila ufa, kwa tarehe.