Re: Mchango wa Mulokozi, nimekwama kwenye wasifu wake tu

Salama ndugu. Nimekuelewa: kazi ya semina inataka athari ya Profesa Mugyabuso Mulokozi, mhakiki na mtunzi wa fasihi ya Kiswahili, lakini ulichonacho ni vyeo na orodha ya vitabu.

Anza na makala yake ya 1989 kwenye jarida la Mulika namba 21, "Tanzu za Fasihi Simulizi". Humo anaigawa fasihi simulizi katika tanzu sita: mazungumzo, masimulizi, maigizo, ushairi, semi na ngomezi (ujumbe unaotolewa kwa ngoma). Tazama vigezo vyake: umbile na tabia ya kazi, kisha muktadha na namna inavyowasilishwa. Kisha chukua notsi zako za fasihi simulizi uone mgawanyo huo ulivyojaa humo. Hapo ndipo athari inapoonekana, na mimi huwashauri wadogo zangu chuoni waanzie hapo kabla ya wasifu.

Jambo la pili, usimtenge mhakiki na mtunzi. Diwani ya Malenga wa Bara, aliyoandika na mshairi mwenzake Kahigi, ina mashairi yasiyofuata vina na mizani, wakati mgogoro wa ushairi, yaani ubishi kama shairi ni lazima liwe na vina na mizani, ukiwa moto. Alitetea hoja kwamba si lazima kwa kalamu ya utunzi pia. Kwangu hilo lina uzito kuliko cheo chochote.

TUKI, yaani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili alikofanya kazi, itaje kwa sentensi moja, inatosha.